Charvalo ya pamba bila sufu, hivi ndo nilivyoifanya isinyofoke

Kwa wasiojua, charvalo ni kile kifagio kidogo cha sisi Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini ya India, cha kutumia kwenye samayik, zile dakika 48 za kutulia na kutafakari, unafagia taratibu kabla hujakaa ili usije ukakalia sisimizi. Sasa zile za kawaida nyuzi zake ni sufu na mi sitaki kabisa kitu cha mnyama, ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote, kwangu inaanzia hapo, ila nikifunga pamba nyuzi zinachomoka moja moja.

Dawa yake hii: chukua uzi mnene wa pamba wa kufumia, ule laini usiosokotwa sana, kunja kila kipande katikati ukipachike kwenye kamba nyembamba ya pamba na upige fundo hapohapo, ukiendelea hivyo unapata matamvua marefu, ndo unayazungushia kwenye kijiti unakaza kwa uzi, gundi ya nini. Hazichomoki tena. Vipimo vya jadi vya urefu ni upana wa vidole 24 kijiti, upana wa vidole 8 nyuzi. Ncha zichanue kwa kitana mpaka zilainike kabisa, hapa usiharakishe jamani, mdudu anatakiwa asukumwe tu asiumie.