Kulungu na Matembele Yangu

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, hapa Pennsylvania, nilikuta matembele niliyoyapanda nyuma ya nyumba yamebaki vikonyo vitupu. Kwanza nilimshuku sungura, lakini sungura hukata jani kwa mkato safi kama wa kisu, ilhali kulungu, kwa kuwa hana meno ya mbele katika taya la juu, hulivuta hadi likatike na kuacha ncha iliyochanikachanika.

Nilijaribu kuning'iniza vipande vya sabuni, kisha nikanyunyiza maji ya mayai viza, ambayo yalitufukuza sisi wenyewe kabla ya mnyama na yakadai kunyunyizwa upya kila mvua iliponyesha. Kilichofaa ni uzio. Kulungu wa huku huweza kuruka kizuizi cha karibu mita 2.4, na kwa kuwa sikuwa na fedha za wavu mrefu kiasi hicho, nilijenga nyuzio mbili fupi zilizoachana kwa takriban mita 1.2, maana mnyama huyu husita kuruka mahali asipoona vizuri pa kutua. Vitunguu nimeviacha nje, kwani kwa kawaida havigusi. Matembele yamechipua tena.