Nilivyounganisha themokapo na Arduino kwenye pipa la kukaangia kahawa

Tunakaanga kahawa hapa Moshi kwenye pipa la chuma linalozungushwa na mota. Nilitaka joto la buni lijiandike lenyewe kwenye laptop kila sekunde, tangu inapomiminwa mbichi mpaka inapoanza kupasuka karibu na nyuzi 200. Nilichagua themokapo, yaani kipimajoto cha waya, ya aina ya K kwa kuwa inavumilia moto mkali na bei yake haiumizi.

Ndani yake mna waya mbili tu, kromeli na alumeli, zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata moto, waya huzaa umeme wa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Arduino Uno, kompyuta ndogo ya bodi moja inayosoma vipimo na kuvipeleka kwenye laptop, peke yake haiuoni umeme huo: hatua yake moja ya kupima ni karibu milivolti 4.9, sawa na nyuzi 119 hivi. Kwa hiyo katikati niliweka moduli yenye chipu ya MAX31855, ambayo hukuza umeme huo na kuutuma kwa Arduino kama namba, kwa hatua za robo nyuzi.

Kinachotaka uangalifu kuliko vyote ni kwamba themokapo hupima tofauti ya joto kati ya ncha iliyo motoni na mahali waya zinapofungwa kwa skrubu. Chipu hupima joto lake yenyewe, kisha hulijumlisha. Moduli ikikaa jirani na pipa, skrubu zikapata moto kuliko chipu, jibu lote linapotoka. Yangu niliiweka ndani ya kiboksi cha plastiki ukutani, mbali na moto na mbali na feni. Waya ya kufika huko ni ya aina ya K mwanzo hadi mwisho. Ukirefusha kwa shaba, hesabu inaanzia pale shaba ilipoungwa, na hapo pakiwa na joto chipu haina habari.

Rangi za waya zinachanganya mafundi wengi. Kwa Wamarekani njano ni chanya na nyekundu ni hasi, wakati sisi tumezoea nyekundu kuwa chanya. Zenye alama za kimataifa zina kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Mimi siamini rangi, naamini sumaku: alumeli, ambayo ndiyo hasi, hunasa, kromeli hainasi. Niligusisha sumaku ya spika kuukuu, nikajua ipi ni ipi kabla ya kushika bisibisi.

Halafu mota. Ikiwaka, namba zilirukaruka. Nilizisokota waya mbili pamoja, nikazitenga na kebo ya mota, nikalehemu kapasita ya nanofaradi 10 kati ya T+ na T− (pale waya hizo zinapoingia kwenye moduli), namba zikatulia. Nunua pia themokapo ambayo ncha yake haigusi ganda la chuma. Ile inayogusa, ikikutana na pipa lenye ethi, chipu hutoa alama ya hitilafu badala ya joto.

Kupima usahihi ni kazi ya jikoni. Barafu iliyopondwa na maji kidogo, ukikoroga, lazima isome karibu na sifuri. Maji yanayotokota huku kwetu usiyadai yafike 100. Kwa mwinuko wa Moshi ni kama 97, na ndivyo nilivyosoma. Kwenye joto la juu zaidi kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: MAX31855 hukokotoa kana kwamba umeme wa K unapanda kwa mstari ulionyooka, na haupandi hivyo. Buni ikiwa na nyuzi 200 kamili, chipu itasema kama 198. Kwa mkaangaji nyuzi mbili ni nyingi, kwa hiyo programu yangu huchukua namba ya chipu, huirudisha kuwa milivolti, kisha hutafuta joto lake kwenye jedwali la aina ya K. Namba iliyosahihishwa ndiyo inayoingia kwenye faili, pamoja na saa, na ile ya chipu naiacha safu ya pembeni ili mwenzangu aweze kukagua hesabu.