Mbio za Gubbio, mshindi anajulikana

Mama aliyenipangisha chumba nilipokuwa nasoma Perugia alikuwa mzaliwa wa Gubbio, mji wa mawe uliokaa ubavuni mwa Mlima Ingino, mkoa uleule wa Umbria, Italia. Mwaka mzima alikuwa mpole, mtu wa kufuma na kusinzia mbele ya televisheni. Mei ikiingia hakamatiki, maana tarehe 15 mji wake hukimbia mbio zake za kila mwaka. "Mwanangu, tarehe 15 hakuna masomo," aliniambia, utadhani chuo ni chake. Tarehe 14 asubuhi tukapanda basi.

Lilitushusha uwanja wa Piazza Quaranta Martiri, yaani wa Mashahidi Arobaini. Mama akapiga ishara ya msalaba. Tarehe 22 Juni 1944 wanajeshi wa Kijerumani waliwapiga risasi watu 40 wa mji huu kulipiza kisasi. Hakusema zaidi, nami sikumchimba.

Kabla ya kwenda kwa dada yake alinipandisha hadi Palazzo dei Consoli, jumba la karne ya 14 ambalo ukiwa bondeni unaliona kabla ya kuuona mji wenyewe. Alitaka nione mabamba saba ya shaba nyeusi yaliyopatikana mwaka 1444, ambayo mji uliyanunua mwaka 1456. Yameandikwa Kiumbria, lugha iliyomezwa na Kilatini. Mengine yana herufi zilizotokana na za Waetruski, watu wa kale wa Italia, mengine herufi za Kirumi, na mengi ya tunayoyajua kuhusu lugha hiyo yametoka hapo. Ni mwongozo wa makuhani: ndege wa kuangaliwa kabla ya ibada, ng'ombe, nguruwe na kondoo wa kuchinjwa kwa mungu gani na kwenye lango lipi, jinsi ya kuwazunguka wananchi mara tatu ili kuwatakasa. Kisha linakuja tangazo: wageni watoke. Wanatajwa kabisa, watu wa Tadinum, Waetruski, Wanahari na wengineo. Nilimuuliza mama kama Watanzania wamo. Akapitisha kidole hewani, mstari kwa mstari, uso mkavu. "Hamumo. Kaa."

Usiku huo, mezani kwa dada yake, niliuliza swali la mtu aliyeambiwa kuna mbio: nani atashinda kesho?

"Ubaldo," akajibu mama.

"Na mwaka jana?"

"Ubaldo."

"Na mwakani?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mbio zenyewe ni za cero, minara mitatu ya mbao, kila mmoja na uzito wa karibu kilo 300, na juu yake sanamu ya mtakatifu: Ubaldo wa waashi, Giorgio wa wafanyabiashara, Antonio wa wakulima. Inabebwa mabegani, mbio, mitaani kisha mlimani hadi basilika ulipo mwili wa Ubaldo, askofu wa mji aliyefariki tarehe 16 Mei 1160. Mpangilio haubadiliki: Ubaldo mbele, Giorgio nyuma yake, Antonio mwisho. Kupita ni marufuku.

Basi mnashindania nini? Hapo ndipo nilipofungua mlango wa ubishi. Mama ni wa Ubaldo damu na jasho; shemeji yake ni wa Giorgio; kijana wa nyumba alikuwa amehamia kwa Antonio, jambo ambalo halikuwa limesamehewa. Nimekulia nyumba ya Simba na Yanga, kwa hiyo sura zile nilizitambua. Wanashindania cero isianguke, isiyumbe, isiachwe nyuma. Zaidi ya yote wanashindania mlango. Watu wa Ubaldo wakishaingia basilika hujaribu kuufunga kabla Giorgio hajaingia.

Asubuhi ngoma zilituamsha kungali giza. Baadaye kengele kubwa ya Palazzo ikaanza, nayo hupigwa na wanaume wanaoisukuma kwa miguu. Kuelekea saa sita mchana Piazza Grande haikuwa na nafasi ya kuinua mkono. Juu ya machela za cero tatu zilizolala chini walipanda viongozi wao, kila mmoja na mtungi wa udongo uliorembwa. Wakamwaga maji pale mnara unaposhikana na machela, wakairusha mitungi hewani, na papo hapo minara ikasimama wima. Watu wakagombea vigae, maana vina baraka. Dada mtu, mama mtu mzima kabisa, alitoka na kipande kama ukucha na mchubuko wa kiwiko. Cero zikazungushwa uwanjani mara tatu. Wapo wanaodai mizunguko hiyo ni ileile ya kwenye mabamba. Mimi naona miaka ni mingi mno katikati kwa mtu kuapa, ila mama hakuwa akingoja ushahidi wa mtu.

Saa kumi na mbili jioni zikatoka. Nilikuwa kwenye kona, nimebanwa ukutani, na nilichosikia kwanza ni mtaa mzima ukipiga kelele kwa sauti moja. Mashati ya njano ya Ubaldo yakapita, mnara umeinamia upande wetu, wabebaji wakipokezana bila kusimama, mmoja anachomoka hana pumzi, mwingine ameshaingiza bega. Yakaja ya bluu, yakaja meusi. Nikajikuta nakimbia nyuma yao na vijana, mlima wote, kwa viatu vya ngozi.

Usiku, chakula kimeiva, shemeji alisema Giorgio aliingia. Mama akasema mlango ulifungwa usoni pake. Kijana akasema Antonio ndiyo cero pekee iliyokimbia kiume. Kisha wakanigeukia, kwa kuwa mezani pale mimi peke yangu nilikuwa juu na sina upande. Nikawaambia ukweli: nilichoona mlangoni ni migongo.

"Migongo ya rangi gani?" akauliza shemeji.

"Njano," nikasema.

Mama akanijazia sahani.