Wiki moja Shela, maji ndo yalikua saa yetu

Mamangu simjui kama mtu wa kulala mchana. Tangu nikiwa mdogo pale Kisauni namuona akiswali adhuhuri kisha anashika jambo, kama si kuchambua mchele ni kushona, kama si kushona ni kupiga simu kuuliza mgonjwa wa fulani anaendeleaje. Na mimi mwenyewe ndo hivohivo, nafanya kazi ya uuguzi Nairobi, zamu za usiku mwaka wa sita huu, usingizi nimeuzoea wa vipande vipande, saa mbili hapa, saa moja pale, simu iko chini ya mto. Kwaivo mwezi wa kwanza nilipopata likizo nikamwambia mama safari hii siji nyumbani kukaa, twende zetu Lamu wiki moja, mimi na wewe tu. Akaniuliza, tukafanye nini huko? Nikamwambia hatuendi kufanya kitu.

Mwezi wa kwanza niliuchagua makusudi. Watu wa Krismasi na mwaka mpya wameshaondoka, ukipiga simu mwenyewe bei ya chumba inazungumzika, na ndo kiangazi chenyewe, kaskazi inavuma, jua kali lakini bahari safi unaona mpaka chini. Ukienda mwezi wa sita au wa saba utakuta kusi, upepo wa nguvu na mawimbi, mashua ndogo zinapata taabu, na mamangu na mawimbi hawapatani kabisa.

Basi letu liliondoka Mombasa alfajiri, tukapita Malindi, Garsen, Witu, Hindi mpaka Mokowe. Ni mwendo mrefu na kuna vizuizi njiani mnashuka mnaonyesha vitambulisho, kwaivo kiweke karibu usije ukakitafuta chini ya begi watu wote wanakungoja. Wenye haraka hupanda ndege mpaka Manda halafu wanavuka kwa boti. Sisi haraka hatukua nayo. Mokowe barabara ndo inaishia hapo, mbele ni bahari, mizigo inashushwa mnaingia chomboni. Kama saa kumi na nusu jioni hivi boti ikatuleta Shela, kijiji cha pale kisiwani Lamu, tena haikutushusha ufukweni, ilisogea mpaka kwenye ngazi za nyumba tuliyofikia, mama akanyanyua mguu mmoja tu akawa yuko nyumbani.

Mama mwenye nyumba alikua amesimama juu ya ngazi. "Ndooni, ndooni ndani," maana Waamu njoo wanaita ndoo, na maji wanaita mai. Akatuambia mumekuja na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mna bahati, mungekuja saa nne asubuhi mungetembea kwenye mchanga na viatu mkononi. Kisha kabla hata hajatuonyesha vyumba akatueleza maji: leo yamejaa saa hizi, kesho yatachelewa kama dakika 50, kesho kutwa vilevile, na kila jambo hapa, kuogelea, kwenda mjini, kutoka na mashua, litafuata hayo. Nilimsikiliza kwa adabu tu sikutilia maanani sana.

Chumba nilichokua nimelipia kilikua bado kina watu. Wageni wa kutoka asubuhi safari yao iliahirika, wako humo humo, na nyumba imejaa. Mimi nilikua nimechoka na nimechagua chumba kile kwa ajili ya magoti ya mama, nikapandwa na hasira, nikaanza kuongea kwa sauti. Mama akanifinya mkono. Yule mama wa nyumba akaomba radhi mara mbili tatu akasema ana chumba cha ndani, cha zamani, huwa hakikodishi kwa wageni, twende tukakione tukikipenda tukae.

Hicho chumba jamani. Sijui niseme nini. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene hata dirishani naweza kukaa na miguu nikaikunja. Ni kirefu na chembamba, na sababu yake ukiangalia juu unaiona, dari ni boriti za mikoko zimepangwa ukuta kwa ukuta, upana wa chumba ni pale boriti inapofika, fundi hakua na njia nyengine. Ukuta wa ndani una zidaka, zile tundu zilizonakshiwa kwa chokaa, safu juu ya safu, ndani yake kaweka visahani vya kale na kurani moja imefunikwa kitambaa. Hakuna feni iliyokua ikizunguka maana stima ilikua imepotea, na joto la mwezi wa kwanza unalijua, lakini mle ndani kulikua baridi kama ndani ya mtungi. Watu huzungumza sana habari ya mji wa Lamu kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na ni haki yake, ila mimi nilielewa thamani ya majumba yale siku hiyo nilipoegemeza mgongo kwenye ukuta. Waliojenga walijua jua linatoka wapi na upepo unaingilia wapi.

Bafuni kulikua na birika la mawe na kata ya kuogea, na mle birikani samaki wadogo wanazunguka. Mama akashtuka. Kumbe wanawekwa makusudi, wanakula viluwiluwi vya mbu. Mimi kazini kwangu napokea watu wa malaria nikakaa pale nikiwaangalia wale samaki kwa muda mrefu sana.

Siku ya pili tukaenda mjini kwa miguu, maji yamekupwa, ni kama kilomita tatu kwa ufukwe. Tukapita punda, watu wameinama kutengeneza vyombo vyao, tukafika sokoni pale kando ya Ngome, ile iliyoisha kujengwa 1821 na ikawa jela mpaka 1984. Mama akaingia kwenye viungo na achari akapotea. Tulikua tumeambiwa tukiwa tunarudi kwa miguu tutoke saa tisa. Tulitoka saa kumi na zaidi. Njiani maji yakaanza kufika ukutani, mara kwenye vifundo, mara kwenye magoti, mama kashika buibui kwa mkono mmoja na mkono mwengine kashika bega langu, mfuko wa maembe uko kichwani kwangu, na mama anacheka. Anacheka kweli, kwa sauti. Tangu baba afariki, na huu mwaka wa tatu, sikua nimemsikia akicheka vile mpaka ananyamaza kuvuta pumzi. Vijana wa boti wakatuona wakaja kutuchukua, hawakutaka hata pesa, wakasema bi mkubwa kesho uangalie maji.

Basi tangu hapo tukashika ratiba ya maji. Yakijaa tunaogelea, yakikupwa tunatembea kwenye mchanga, jua likipanda tunaingia ndani. Siku ya tatu baada ya chakula, samaki wa kupaka na wali wa nazi na maji ya ukwaju, nilimuacha mama kwenye baraza ya dakani nikaenda kuoga, niliporudi amelala. Saa nane mchana. Mtandio umemfunika uso, mkono mmoja umening'inia. Nikakaa chini karibu yake nisipitishe mtu wala kelele, na mimi nikalala hapohapo kwenye mkeka. Kilichotuamsha ni adhana ya alasiri.

Siku ya nne ndo tulienda Takwa, ng'ambo kisiwa cha Manda. Kule unaingia kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko na maji yakipungua chombo kinakwama, kwaivo nahodha alitutaka tukishaswali alfajiri tu tuwe ngazini. Mzee wa makamo, tukimwita Ami. Asubuhi ile maji yalikua yamejaa yametulia, mikoko imezama mpaka majani yanagusa maji, hakuna sauti isipokua upondo na ndege. Takwa ni mji wa mawe ulihamwa karne ya 17, msikiti wake wa Ijumaa bado umesimama na nguzo yake juu ya kibla, mibuyu imeota mle yalipokua majumba. Ami akatwambia wazee wa Shela asili yao ni hapa, na mpaka leo watu huvuka kuja kuomba mvua penye kaburi la mnara lililo pale. Watu walihama visima vilipoingia chumvi, ndivyo alivyosikia yeye kwa wazee wake. Tukapata kama saa moja hivi kutembea, akatuita, maji yanaondoka.

Wakati wa kurudi, tukikaribia ufukwe wa Shela, mama akamuuliza vipi kisa cha vita vya hapa maana huko kwetu Mombasa husikia kidogo kidogo. Ami akapunguza tanga. Akasema ni miaka ya 1812 hivi, watu wa Mombasa na wa Pate walishuka pwani hii kuja kuipiga Lamu, wakashindwa, wakakimbilia majahazi yao wakakuta maji yamekupwa, vyombo viko juu ya mchanga havisukumiki. Wakauawa hapo hapo ufukweni. Mama alinyamaza, halafu akainua mikono akawasomea Fatiha, wa upande wote. Ami akaitikia amin.

Lile jambo la visima vya Takwa halikunitoka kichwani, nikamuuliza mama wa nyumba jioni, je hapa Shela? Akaninyooshea kidole kule kwenye vilima vya mchanga nyuma ya ufukwe. Mvua ikinyesha inazama mle, mchanga unaisafisha, inakaa chini juu ya maji ya chumvi kwa kuwa matamu ni mepesi, na visima vya huko ndo vinanywesha mji wa Lamu. Mimi nilikua nimeviona vile vilima kama pahala pa kupigia picha tu jua likizama. Nawaomba mnaokwenda, na wenye pesa za kununua viwanja zaidi, vilima vile muviache kama vilivyo. Ukijenga juu yake na kuchimba vyoo, maji ya mji mzima unayachafua. Na ukioga tumia kata, inatosha, nimeoga wiki nzima kwa kata na nimetoka safi.

Usiku tulipanda juu kwenye paa la makuti na kahawa chungu na halwa. Mwezi uliokua mpevu tulipofika kila siku ulichelewa zaidi kutoka, na maji vilevile, mpaka na mimi nikawa naweza kuyahesabu bila kuuliza mtu. Simu niliiacha chumbani kwenye kidaka. Siku ya sita nilikuja kugundua nimelala saa tisa mfululizo, kitu ambacho sikumbuki mara ya mwisho ilikua lini. Siku ya Ijumaa ukipita kijijini jistiri vizuri, hata siku nyengine pia, watu ni wapole hawatakuambia kitu lakini ni mtaa wa watu na misikiti yao, si hoteli.

Tuliondoka Jumapili alfajiri na ngazi za nyumba ziko kavu mpaka chini, tukavua viatu tukatembea mchangani kuifuata boti, mama wa nyumba ametufungia mahamri kwenye kitambaa.

Juzi niko zamu, nimeingia mapema, saa kumi jioni mama akanipigia. Nilidhani kuna shida. Akaniambia jana mwezi umeandama, kwaivo saa hizi kule Shela maji yako kwenye ngazi. Halafu akasema haya, fanya kazi yako mwanangu, mimi nataka kujinyoosha kidogo.