Maji yangu hatimaye yamefika 99.99

Imekubali! Nilikuwa nakokotoa maji huchemka kwenye nyuzi ngapi, na kikokotoo kimetoa 99.99, baada ya jibu la 96.9 kuning'ang'ania hadi ikaninyima usingizi.

Njia ni hii: kimiminika kinapochemka, badiliko la nishati huru ya Gibbs (kipimo cha kama badiliko litatokea lenyewe) ni sifuri, basi unagawa entalpi ya kuvukiza (joto linalohitajika kukigeuza mvuke) kwa entropi yake (ongezeko la mtawanyiko). Kwa maji ni juli 44,010 kwa moli, gawanya kwa juli 118.92 kwa moli kwa kelvini. Unapata kelvini 370.08, ukitoa 273.15 ni nyuzi 96.9. Wengi huishia hapo wakisema jibu limekaribia. Limekaribia nini? Haya ni maji, kimiminika tunachokijua kuliko vyote, na nyuzi tatu nzima hazionekani!

Tatizo ni kwamba namba zote mbili, nilizozitoa kwenye majedwali, ni za nyuzi 25, nami nazipeleka hadi karibu na 100. Kupandisha moli moja ya maji kwa nyuzi moja kunakula juli 75.3, lakini mvuke unakula 33.6 tu. Tofauti hiyo, 41.7, inazimega entalpi na entropi kadiri joto linavyopanda. Ukifika kelvini 373, entalpi imepungua kama asilimia 7.1, entropi asilimia 7.9. Hilo pengo dogo ndilo lililomeza nyuzi zangu tatu. Nililitazama muda mrefu, jinsi lilivyo zuri.

Kilichobaki kunitesa ni kwamba entropi hurekebishwa kwa logi asilia (ln) ya halijoto, hivyo sasa halijoto imo ndani ya logi na nje ya logi, huwezi kuitenga upande mmoja. Nilishaanza kuandika programu ya Python, nikaiacha. Kikokotoo cha Casio cha shuleni kinatosha kabisa, maana kitufe cha Ans hurudisha jibu lililotangulia. Andika 298.15, bonyeza =, kisha andika:

(44010−41.7(Ans−298.15))÷(118.92−41.7ln(Ans÷298.15))

Bonyeza = : 370.08. Tena: 373.14. Tena: 373.14, haitikisiki, yaani nyuzi 99.99. Kwa kazi hii sioni haja ya kuwasha kompyuta.

Kanuni ya Trouton, inayokadiria entropi ya kuvukiza kuwa kama 88 kwa vimiminika vingi, kwa maji siitaki hata kuisikia. Ingeyachemsha karibu nyuzi 190, kwa sababu haijali jinsi molekuli za maji zinavyoshikana kwa vifungo vya haidrojeni.

Ethanoli nayo imepanda kutoka 75.9 hadi 77.6, na inayopimwa ni 78.3. Nilipanga kuendelea na asetoni na benzini, ila nikakumbuka kwamba majedwali haya ni ya kanieneo ya kilopaskali 100, ambapo maji huchemka kwenye 99.6. Kwa hiyo bado nimezidisha 0.4, nadhani ni kwa kuuchukulia mvuke kama gesi kamilifu (ambayo molekuli zake hazivutani) na zile juli 75.3 na 33.6 kama hazibadiliki joto linapopanda.

Hapo kanieneo ikanivuta. Kwenye kigawanyo cha ile fomula ongeza −8.314ln(P÷100), weka P ya Nairobi, kama kilopaskali 83, na maji yanachemka kwenye 94.8. Ndiyo maana githeri ya hapa inakaa jikoni kuliko ya Mombasa! Asetoni itasubiri. Kesho natafuta kipimajoto kinachofika 110 nione sufuria yangu inasemaje.