Noti Nne za Mwendo Zilizopotea Wisconsin

Ndege ilikuwa RV-6 ya viti viwili, imeundwa nyumbani Wisconsin, yenye injini ya Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 160 na propela isiyobadili pembe. Mwendo wake ulisomeka mzuri mno. Asubuhi moja ya Oktoba, hewa imetulia, tukapanda kuuhakiki: mwenye ndege akirusha, mimi nikiandika.

Kabla ya kuwasha, geji ya manifoldi, inayopima shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, sharti isome shinikizo la hewa la pale uwanjani. Ilikuwa sawa. Kipima mwinuko tukakiweka kwenye shinikizo la kawaida, hektopaskali 1013, tukapanda hadi futi 8,000, gesi imefunguliwa yote, nje nyuzi 1 chini ya sifuri. Takometa, yaani kipima mizunguko ya injini kwa dakika, ilisema 2,600. Takometa ya mwanga, inayohesabu mapanga ya propela kupitia kioo cha mbele, ikasema 2,530. Wengi hulipuuza hilo, na ni kosa kubwa: nguvu inayomezwa na propela hii hufuata mizunguko ikizidishwa yenyewe mara tatu, hivyo upungufu usiofika asilimia 3 unakula karibu asilimia 8 ya nguvu.

Kipima mwendo kilisoma noti 150 (maili za baharini kwa saa), yaani 169 halisi kwa mwinuko ule. Tukaruka kaskazini, mashariki, kusini, kisha magharibi kwa ajili ya kuhakiki, dakika mbili kila upande, nikiandika mwendo na njia kutoka GPS. Kwenda na kurudi tu hakutoshi, kwa sababu upepo wa ubavuni hubaki umejificha. Hesabu ikatoa 165.

Baridi ndiyo iliyotuonyesha mwizi. Mwenye ndege alipofunga tundu la hewa la kabini, sindano ya mwendo ikacheza. Shinikizo la kabini huwa chini kuliko la nje. Bomba la hewa tuli, linalopeleka shinikizo la nje kwenye vipima mwendo na mwinuko, likivuja humo ndani, mwendo husomeka juu, na mwinuko pia.

Tulipotua tuliziba kwa utepe tundu la hewa tuli la upande mmoja wa ndege, la pili tukaliunganisha na bomba la sindano, tukavuta polepole (ukivuta kwa pupa unaharibu geji) hadi kipima mwinuko kikapanda futi 1,000. Kinachoruhusiwa kushuka ni futi 100 kwa dakika. Kilishuka zaidi ya 400. Kwenye kiungo cha T nyuma ya viti, mpira wa bomba hilo la hewa tuli haukusukumwa hadi mwisho. Tukakata ncha, tukaurudisha, tukapima tena: futi 20.

Kesho yake, kwenye futi zile zile, sindano ilisoma 146. Chini ya takometa tukabandika karatasi: toa 70.