Namba 47: nilivyoipata bastola ya Luger ya 1917 baada ya kuuziwa ya kung'arishwa

"Ing'arishe, itapata bei." Sijui nimeambiwa maneno hayo mara ngapi tangu nianze kukusanya bastola za zamani za jeshi la Ujerumani, na kila nikiyasikia roho inaniuma, maana yalinipotezea mwaka mzima na fedha nilizozidunduliza kwa zamu za usiku ghalani.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Ohio, Marekani. Nyumbani babu yangu hakuwa akisema Mjerumani, alisema Mdachi. Reli ya Mdachi, boma la Mdachi, na hela, ambayo mpaka leo tunaitaja bila kukumbuka kwamba ni heller, sarafu yake. Alitusimulia vita vya Novemba 1914, Waingereza walipoleta wanajeshi kutoka India wakashushwa Ras Kasone, kisha wakarudishwa melini na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mdachi. Baba yake babu alikuwa mpagazi katika vita hivyo. Alibeba mizigo, na mwenye bastola kiunoni ndiye aliyesema twende au tulale. Basi mimi nilitaka siku moja nikishike kile kitu kilichokuwa kiunoni kwa yule mtu, nikielewe mpaka skrubu ya mwisho.

Kuhusu sheria za hapa sitakawia. Silaha inayohesabiwa ya kale kabisa ni iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, kwa hiyo Luger P08, ambayo jeshi la nchi kavu liliichukua mwaka 1908, haimo. Lakini silaha iliyotimiza miaka 50 katika hali yake ya asili inaingia kundi la wakusanyaji, na kundi hilo lina leseni yake, dola 30 kwa miaka mitatu. Watu walinikatisha tamaa kwamba mhamiaji hapewi. Si kweli, mwenye ukaaji wa kudumu anapewa. Mimi nilipewa.

Sasa niwaeleze ile ya kwanza.

Nilikwenda kwenye maonyesho ya silaha na ndugu mmoja wa Bukavu ninayefanya naye kazi. Ana bunduki mbili za kuwindia, na kwetu sisi huyo ndiye aliyekuwa mjuzi. Shauri lake lilikuwa moja tu: "Ndugu, kamata ile inang'aa. Inayong'aa haikutumika." Meza ya tatu tukaikuta, nyeusi ti, laini kama kioo, mwaka 1916 umechongwa juu ya chemba, pale risasi inapokaa. Muuzaji akanipa habari za ofisa aliyeiweka kabatini maisha yake yote. Nilitoa dola elfu moja na mia mbili na kitu, nikarudi nyumbani nimeipakata kama mtoto.

Mwezi mmoja haujapita, nikaipeleka kwa mzee mmoja mkusanyaji, fundi mstaafu wa kiwanda cha vipuri. Kwanza alichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta lile goti la juu, kiungo kinachokunjika, akachungulia chemba mara mbili, akatia na kidole. (Hilo nimelirithi. Sipokei bastola kwa mtu yeyote bila kufanya hivyo, hata kama amefanya yeye mbele ya macho yangu.) Halafu hakuangalia mwaka wala mng'ao. Aliugeuzia mdomo wa mtutu dirishani akanyamaza.

"Hapa pangekuwa peupe," akasema. Kiwandani, ule uso wa mdomo wa mtutu uliachwa chuma kitupu bila rangi. Wangu ulikuwa mweusi. Akagusa kifyatulio: kilipaswa kuwa na rangi ya asali, kwa sababu vipande vidogo vya Luger za wakati ule, kifyatulio, kidude cha usalama na vingine vichache, vilipashwa moto vikabaki na umanjano fulani mzuri sana. Changu kilikuwa cheusi. Akashusha kidude cha usalama, neno GESICHERT likatokea, maana yake imefungwa kwa usalama. Nyuma ya neno hilo pangekuwa chuma cheupe pia, na herufi kali. Zangu zilikuwa zimelika kingo kama maandishi kwenye sabuni iliyooshewa siku tatu. Mtu alikuwa ameipiga msasa bastola nzima akaitia rangi upya, na huo msasa ndio niliolipia.

Kisha akanifundisha namba, na hapa ndipo mapenzi yangu yalipoanza upya. Luger ya jeshi ina namba ya tarakimu nne au pungufu, mara nyingi na herufi chini yake, kwenye fremu, mtutu na kiota cha mtutu. Tarakimu mbili za mwisho zinarudiwa kwenye vipande vidogo, kimoja kimoja. Kila moja ilikuwa na familia yake, na vipande vyote vilibeba jina la familia. Yangu ilikuwa na 12 hapa, 80 pale, 35 kwenye goti. Angalau bastola tatu zilikufa ili ile ipatikane.

Niliiuza kwa dola mia saba hivi. Mnunuzi nilimweleza kasoro zote, moja baada ya nyingine, naye aliitaka kwa ajili ya kulengea shabaha, akafurahi.

Baada ya hapo nilikaa zaidi ya mwaka bila kununua. Nilishika pengine Luger arobaini na kuzirudisha mezani. Nilijifunza kuomba nafasi karibu na dirisha, maana mwanga wa jua wa pembeni unafichua msasa ambao taa za ukumbi zinauficha. Niliona Mauser C96 za mwaka 1916, bastola nyingine za Mdachi, zile ambazo jeshi liliagiza 150,000 za risasi za milimita 9, zikachongwa 9 kwenye mbao za mpini na kutiwa rangi nyekundu ili askari asichanganye na zile za 7.63. Ukikuta nyekundu mbichi inayong'aa, uliza nani alipaka na lini. Na Luger yenye miaka miwili, mmoja wa vita na mwingine 1920, usiikimbie kama alivyoniambia kijana mmoja kwa kujiamini kabisa kwamba ni ya kughushi. Ule 1920 uligongwa baada ya vita, kama alama ya mali ya serikali. Alinikosesha nzuri sana yule kijana.

Ya 1917 niliikuta kwenye nyumba ya shamba, mnada wa vitu vya marehemu. Baba wa familia alikuwa amerudi nayo kutoka Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na karatasi iliyosainiwa na ofisa wake kumruhusu kuileta. Bastola yenyewe ilikuwa imefifia, kahawia kwenye kingo, na watu walikuwa wakiishika na kuiweka. Mimi niliielekeza dirishani. Mdomo mweupe. Kifyatulio cha asali, iliyopauka lakini ya asali. Herufi za DWM, kiwanda kilichoitengeneza, zimesukana juu ya goti, kali kama zimechongwa jana. Na 47, 47, 47, kila nilipogusa. Mikono ilikuwa ikinitetemeka.

Magazini tu ndiyo haikuwa yake. Kitako chake kilikuwa cha alumini, cha miaka ya baadaye, na bastola ya 1917 ilitoka kiwandani na magazini zenye kitako cha mbao, zilizoandikwa namba yake.

Nikamuuliza binti wa marehemu: mkoba wake wa ngozi uko wapi? Akaonyesha boksi la mikanda na hatamu za farasi chini ya meza, dola tano kila kipande. Mkoba ulikuwamo, umekauka kama kipande cha gome. Mkoba wa P08 una mfuko mdogo ulioshonwa ubavuni kwa ajili ya magazini ya akiba. Niliubana kwa kidole gumba, nikasikia kitu kigumu ndani. Nilimwambia yule dada ukweli: humu mna magazini, na kama ni yake, bei haiwezi kuwa dola tano. Akafikiri kidogo, akasema niongeze mia. Nikaongeza mia mbili. Jumla ilifika elfu mbili na kidogo.

Kuitoa kulinichukua jioni tatu. Sikukata uzi, sikutia mafuta, maana mafuta yanaozesha ngozi ya zamani. Nilipenyeza kijiti chembamba cha mianzi pembeni, nikakisogeza unywele kwa unywele, nikipumzisha ngozi kila ilipolia. Mama Salma alikuwa amekaa pembeni akipepeta mchele, akasema, "Baba Salma, si ulikate tu?" Jioni ya tatu ikatoka. Kitako cha mbao, namba nzima na herufi yake, na juu yake alama ya kujumlisha. Hiyo alama ndiyo ya magazini ya akiba. Mama Salma aliacha mchele akaja kuisoma mwenyewe kwa sauti, tarakimu moja moja, mimi nikimfuatisha kwenye fremu.

Mkoba sasa unakaa mbali na bastola, kwa sababu ngozi inashika unyevu na chumvi na kuleta kutu. Bastola nimeipaka nta nyembamba, iko kwenye sefu, na mstari wake umo kwenye daftari ambalo leseni inanidai: mtengenezaji, modeli, namba, ukubwa wa risasi, tarehe, na imetoka kwa nani.

Mama yangu alipoiona kwenye simu, kutoka Tanga, aliuliza kama inapiga. Nikamwambia sijaijaribu wala sitaijaribu. Kikivunjika kipande kimoja chenye 47, hakuna duniani kingine cha familia ile.